Nusu Saa Isiyofika Ras Mkumbi

Ukiweka rula juu ya ramani ya mwambao wetu, kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere kule Kipawa hadi kiwanja cha ndege cha Mafia kilichopo Kilindoni, utapata kilometa 125 hivi, yaani maili za baharini 68. Sogeza ncha ya rula hadi Ras Mkumbi, penye mnara wa taa uliojengwa na Wajerumani mwaka 1892 katika ncha ya kaskazini ya kisiwa, jirani na kijiji cha Bweni, na utapata kilometa 115. Kwa rula, basi, mtu wa Bweni anaishi karibu zaidi na Dar es Salaam kuliko mtu wa Kilindoni, tena kwa kilometa kumi nzima. Maishani mambo ni kinyume. Mtu wa Kilindoni anaweza kwenda kiwanjani kwa miguu, begi begani, na asubuhi hiyohiyo akawa Dar. Mtu wa Bweni ana kilometa 50 na ushee za barabara ya kuelekea kusini kabla hajauona mlango wa kiwanja. Lazima kwanza aipe Dar mgongo ndipo aifikie.

Kauli kwamba Mafia ni nusu saa tu kutoka Dar imeshazoeleka. Imo katika matangazo ya mahoteli, imo katika vitabu vya kuongozea wageni, na hutajwa kama ushahidi kwamba kisiwa hakijatengwa tena. Sisemi kuwa ni uongo. Ndege kweli hutumia nusu saa, ikizidi sana dakika 40. Ninachosema ni kwamba hicho ni kipimo cha safari ya ndege, si kipimo cha safari ya mtu, na kwamba kwa kukichukua kimoja badala ya kingine tumeishia kuitengeneza ile sehemu ya safari iliyokuwa fupi tangu mwanzo, huku sehemu ndefu zikisubiri. Jambo hili lipo kila penye viwanja vidogo vya ndege, lakini Mafia inaliweka wazi kuliko kwingi, kwa sababu ni kisiwa, na kisiwani huna njia ya kuzungukia.

Tuanze na ndege yenyewe, maana inastahili kutendewa haki. Ndege iliyozoeleka zaidi kati ya Dar na Kilindoni ni Cessna Caravan, ya injini moja na pangaboi moja puani, yenye viti 12 hivi. Ikishatulia angani hukata kama maili za baharini 160 kwa saa. Gawa 68 kwa 160, utapata dakika 25 na nusu. Hapo bado hujauuliza upepo. Njia ya kutoka Dar kwenda Mafia inaelekea kusini na kuegemea mashariki, na kusi inapovuma, tangu masika hadi Septemba, inatokea huko huko. Upepo wa maili 20 kwa saa unaomkabili rubani usoni humpunguzia mwendo hadi 140, na zile dakika zinakuwa 29. Akirudi, upepo uleule unamsukuma kwa nyuma, anamaliza kwa dakika 23 hivi. Kaskazi ikishika zamu yake, hesabu inageuka. Ongeza dakika za kutambaa ardhini pale Dar, ambako ndege ndogo hupanga foleni moja na ndege kubwa za kimataifa, ongeza kupanda na kushuka kwa mwendo wa chini, kisha mzunguko wa kujiweka sawa na njia ya kutua Kilindoni, na ile nusu saa ya matangazo imekamilika. Kwa rubani hesabu hii ni kazi yenyewe. Ndiyo inayomwambia abebe mafuta kiasi gani, abakize kiasi gani cha kumrudisha Dar endapo mawingu yatafunga kisiwa, na kwa hiyo apakie watu na mizigo kiasi gani. Kila kilo ya mafuta ni kilo iliyotoka kwenye mzigo wa abiria. Ndiyo maana abiria wa Mafia huambiwa begi lisizidi kilo 15, tena liwe laini, ili likunjike ndani ya lile tumbo la mizigo lililoning'inia chini ya miguu yake.

Sasa tuiache ndege tumfuate mtu. Mkazi wa Mbagala mwenye tiketi ya saa nne asubuhi inampasa atoke nyumbani saa moja na nusu, kwa sababu foleni ya Dar haina mkataba na mtu, na kwenye dawati anatakiwa awepo saa nzima kabla. Begi linawekwa kwenye mizani. Siku nyingine naye mwenyewe hupandishwa mizani, mkoba mkononi, namba ikaandikwa, kwa kuwa katika ndege ya viti 12 mahali anapokaa mtu mzito na mahali anapokaa mtu mwepesi ni suala la usalama. Kisha anasubiri. Akigusa lami ya Kilindoni saa nne na nusu, saa tatu zimekwisha, na ndege imechukua sehemu moja tu kati ya sita. Hata ukimpa ndege yenye mwendo mara mbili, utamwokolea robo saa. Hata ukimpa ndege ya kufumba na kufumbua, bado saa mbili na nusu zitabaki zimekaa barabarani na kwenye viti vya kusubiria. Na anayetoka Mafia kwa shughuli za kiserikali wala haimalizi safari Dar. Wilaya yake imo Mkoa wa Pwani, na makao makuu ya mkoa yako Kibaha, kilometa 40 hivi magharibi mwa jiji. Makao makuu yake mwenyewe yako ng'ambo ya jiji la watu wengine.

Watu wa mwambao wanalijua hili bila kufundishwa, na ushahidi uko Zanzibar. Kutoka Kipawa hadi Uwanja wa Abeid Amani Karume ni kilometa 73 hivi, na ndege huzimaliza kwa dakika 20. Boti za kasi huchukua karibu saa mbili. Ukisoma namba hizo mbili peke yake utadhani boti hazina mteja, kumbe kila siku zinaondoka zimejaa. Nauli ni sababu mojawapo, lakini si hiyo tu. Gati la Dar liko mjini kabisa, hatua chache kutoka Posta, na gati la Unguja liko Malindi, ambako Mji Mkongwe unaanzia. Anayekwenda kwa ndege analipa muda wa kwenda Kipawa, muda wa kuripoti mapema, na muda wa kutoka kiwanjani Unguja hadi mjini. Ukijumlisha, tofauti yake na mtu wa boti huwa ndogo, na siku ya foleni huenda isiwepo kabisa. Msafiri wa Zanzibar amepewa njia mbili zilizotengenezwa vizuri, akachagua kwa kuhesabu kutoka mlango wa nyumba anayotoka hadi mlango wa nyumba anayokwenda. Pale bahari ilipopewa gati zuri na chombo kizuri, umbali wa kiwanja hadi kiwanja uliacha kutawala maisha ya watu.

Mafia haina boti ya namna hiyo. Njia yake ya bahari ni Nyamisati. Unashika barabara ya Kilwa kutoka Dar, unapita Mkuranga, ukifika Bungu unaiacha barabara kuu na kukata kushoto kuelekea baharini, kilometa 40 hivi nyingine, hadi kijiji kilichojibanza ndani ya mikoko upande wa kaskazini wa delta ya Rufiji. Hapo kuna gati jipya la Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, na kivuko MV Kilindoni cha TEMESA, wakala wa serikali unaoendesha vivuko, huchukua watu, magari na mizigo. Ni hatua kubwa, na walioipigania wapewe sifa yao. Lakini mlangobahari wa Mafia una vina vifupi na mafungu ya mchanga yanayohamahama, na mkono wa bahari unaoingia Nyamisati hujaa na kukauka kufuata maji. Safari kwa hiyo hupangwa na mwezi. Maji yakijaa asubuhi leo, wiki ijayo saa hiyohiyo yamekupwa, na ratiba inasogea nayo. Msafiri anafika gatini na kumkuta muuza chapati, magunia ya vitunguu, magodoro yaliyofungwa kwa kamba ya katani, mifuko ya saruji, na watu waliokaa juu ya mizigo yao wakiyaangalia maji yapande shina kwa shina kwenye miti ya mkoko. Kuvuka kwenyewe huchukua saa kadhaa. Hakuna atakayeweka nusu saa ya ndege na siku nzima ya Nyamisati kwenye jedwali moja akasema anazungumzia umbali uleule, ingawa kwenye ramani ni uleule. Na hiyo ndiyo njia ya walio wengi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 46,438 wilayani Mafia. Ile ya 2022 ikawakuta wamevuka 60,000. Ndege ya viti 12, hata ije mara kadhaa kwa siku, haiwezi kuwa chombo cha watu 60,000. Wala saruji, magodoro na vitunguu havisafiri kwa kilo 15.

Hayo ni ya kufika Kilindoni, na Kilindoni siyo Mafia yote. Kutoka kiwanjani hadi mnara wa Ras Mkumbi ni kilometa 40 hivi ukipima kwa mstari, na barabara inayopita Kirongwe kuelekea kaskazini inazifanya zaidi ya 50. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya barabara hiyo imekuwa ya mchanga, udongo na changarawe. Gari hutumia saa mbili hivi wakati wa jua, na masika yakikolea hapatikani mtu wa kukutajia saa. Piga hesabu: kilometa 125 juu ya bahari, nusu saa, kilometa 50 na ushee ndani ya kisiwa kimoja, saa mbili. Mtu akitaka kujua Ras Mkumbi iko wapi, asitazame ramani, atazame hesabu hiyo. Kwa muda, Bweni iko mbali na Kilindoni mara nne kuliko Dar ilivyo mbali na Kilindoni.

Tulifikaje hapo? Tazama jinsi fedha zilivyotembea. Februari 2008 Tanzania ilisaini na Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani mkataba wa dola milioni 698, uliokwisha Septemba 2013. Ndani yake kulikuwa na umeme, maji na usafirishaji. Kisiwa cha Pemba kilipata barabara za vijijini. Kisiwa cha Mafia kilipata njia ya kurukia ndege: ile iliyokuwa ya changarawe ikawekwa lami, urefu wa kilometa moja na nusu na kidogo. Baadaye barabara ya Kilindoni hadi Utende, kilometa 14, nayo ikapata lami. Utende ndiko yaliko mahoteli mengi na makao ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995. Haki ya kusema ni kwamba Utende pia ndiyo njia ya watu wa Chole, Juani na Jibondo, kwa hiyo lami ile haikwenda kwa wageni peke yao. Hata hivyo mfululizo unajieleza: kwanza kiwanja, kisha njia ya kutoka kiwanjani kwenda mahotelini, kisha ndiyo itafutwe zamu ya kaskazini. Hivyo ndivyo mtu hupanga anapoanza kuhesabu ndege inapotua. Anayeanza kuhesabu mlangoni kwa mkulima wa minazi wa Bweni angepanga vingine.

Si mara ya kwanza ndege kuihudumia Mafia bila kuwahudumia Wamafia. Januari 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walikiteka kisiwa kutoka kwa Wajerumani, wakafyeka mahali pa kurukia ndege. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha ndani ya delta ya Rufiji, ng'ambo tu ya mlangobahari, na meli za Waingereza zilizoingia mtoni, Severn na Mersey, hazikuweza kuiona kwa ajili ya mikoko. Ndege zilizoruka kutoka Mafia tarehe 6 na 11 Julai 1915 ndizo zilizowaelekeza wapiga mizinga wapi mabomu yao yanaangukia, mpaka manowari ile ikaangamia. Kwa hiyo kisiwa hiki kilikuwa na kiwanja cha ndege zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mapema kuliko miji mingi mikubwa ya Afrika Mashariki. Kiliwekwa kwa sababu mtu wa mbali alikuwa na haja ya kufika haraka mahali fulani, na haja hiyo haikuwa ya wenyeji. Sifananishi vita na utalii. Nasema tu kwamba kiwanja hakijibu swali la nani anasafiri. Kinajibu swali la aliyekijenga.

Manahodha wa jahazi hawakuchanganya umbali na muda namna hii. Ukitaka kujua kutoka Ras Mkumbi hadi Dar ni mwendo gani, jibu lilianza na swali: unakwenda msimu gani? Kwa kusi, tanga likijaa kwa nyuma, zile kilometa 115, yaani maili za baharini 62, ni mchana mmoja na usiku kidogo. Kwa kaskazi ya kumkabili mtu usoni, zinaweza kuwa siku kadhaa za kupiga bishi. Safari ilipimwa kwa upepo, kwa maji na kwa chombo, na aliyeuliza aliondoka na habari anayoweza kuitumia. Namba yetu ya leo ni sahihi zaidi kuliko ya nahodha, lakini inamsaidia msafiri kidogo zaidi.

Mahali ambapo hesabu hii inauma kuliko pote ni afya. Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwa nini kina mama hufa kwa uzazi katika nchi maskini, wakazitaja chelewa tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Wakunga na waganga wetu wanazifahamu vizuri. Chelewa ya pili ndiyo ninayoizungumzia hapa, na haijui viwanja vya ndege. Mama wa Bweni anayetoka damu baada ya kujifungua anahitaji kufika hospitali ya wilaya Kilindoni. Kati yake na mkasi wa daktari kuna ile barabara, na usiku hakuna ratiba ya ndege itakayoifupisha. Akipewa rufaa ya Hospitali ya Muhimbili, kule Upanga jijini Dar, nusu saa ya angani inaweza kumwokoa, kweli kabisa, ila kwanza awe amefika hai kiwanjani. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, umelielewa jambo hili. Jamaa wanapiga namba 115 bila malipo, na panapokosekana gari la wagonjwa dereva wa kijijini anaitwa kumfuata mama alipo. Mfumo huo unaanza kuhesabu mlangoni kwa mama. Ni namna ileile ya kuhesabu ninayoiombea kisiwa kizima.

Atatokea mtu wa kusema kwamba umbali ni umbali, kilometa 125 hazibadiliki kwa malalamiko, na kuwataka watu wa ndege wataje foleni za Mbagala ni kuwaonea. Nakubali sehemu ya kwanza. Kampuni ya ndege ina wajibu wa kutaja muda wa ndege yake, na ikitaja kingine itakuwa inadanganya. Lakini halmashauri, mkoa na wizara hawauzi tiketi. Wao wanapopanga bajeti, swali lao si ndege inachukua muda gani. Ni mwananchi anachukua muda gani kufika anapohudumiwa. Wakiazima namba ya muuza tiketi, watapanga kama muuza tiketi.

Hoja nzito zaidi ni ya wanaosema: kama shida ni kaskazini kuwa mbali na kiwanja, jengeni kiwanja kingine kaskazini. Caravan haihitaji njia ndefu, na nyanda za huko zinaruhusu. Hoja hii si ya kupuuzwa, na kwa mgonjwa mahututi kipande cha ardhi kilichosafishwa ambapo ndege ndogo au helikopta inaweza kutua ni jambo la kufikiriwa. Kama njia ya kila siku, hata hivyo, haisimami. Kiwanja kinahudumia ncha moja. Barabara inahudumia urefu wake wote. Lami ya Kilindoni hadi Ras Mkumbi haimgusi mtu wa Bweni peke yake, inamgusa wa Kanga, wa Kirongwe, na kila kitongoji kilicho kati, na inabeba nazi, samaki na pweza walewale ambao ndege haiwabebi. Mvuvi wa kaskazini anayepata samaki alfajiri, barafu yake ikayeyuka njiani kabla ya kufika Kilindoni, hana la kufanya na kiwanja cha pili. Anataka dakika 50 badala ya saa mbili.

Wapo pia wanaoogopa kwamba lami itaua kile kinachowaleta wageni. Mafia inapendwa kwa sababu imetulia. Wageni huja kuogelea na papa potwe kuanzia Oktoba hadi Machi, huja kuona matumbawe na magofu ya Kua kisiwani Juani, na hawaji kutafuta barabara kuu. Hofu yao ina msingi. Zipo pwani zilizoharibiwa na ujenzi wa papara, na hakuna anayezililia kwa kuwa hakuna anayezikumbuka zilivyokuwa. Lakini potwe haishi barabarani. Kinachomlinda ni sheria ya hifadhi, namna boti zinavyoendeshwa karibu naye, na nyavu zinazotumika baharini. Sioni haki katika kumwachia mama wa Bweni saa mbili za makorongo ili mgeni aone kisiwa kimetulia. Utulivu huo mgeni anaufurahia kwa siku tano, kisha anapanda ndege ya nusu saa.

Kuhusu bahari, naijua hofu iliyopo, na waliozika ndugu zao hawahitaji kukumbushwa. MV Spice Islander ilizama Septemba 2011, MV Skagit Julai 2012, na katika Ziwa Victoria MV Nyerere Septemba 2018. Kuna wanaotoa hapo hitimisho kwamba usalama wa kisiwa uko angani. Mimi naliona somo upande mwingine. Spice Islander na Nyerere zilikuwa zimejaza watu kupita uwezo wake, na watu hujazana penye vyombo vichache, si penye vingi. Chombo kikubwa cha pili katika njia ya Nyamisati, kina cha maji kikichimbwa ili ratiba isitawaliwe na bamvua na maji mafu, kingepunguza msongamano, na kingewapunguzia watu kishawishi cha kuvuka kwa mashua ya mizigo usiku. Ndege haiwezi kuifanya kazi hiyo, kwa kuwa anayepanda mashua ya mizigo hakuwa akichagua kati ya mashua na ndege.

Na kuna siku ambapo anga na bahari vyote hufungwa. Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilitua Mafia, baada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kuonya kwa siku kadhaa. Upepo uling'oa minazi na mapaa, na vyombo vilitia nanga mwambao mzima. Siku kama hiyo nusu saa haipo, na Nyamisati haipo. Kinachobaki ni kisiwa chenyewe: umbali wa nyumba hadi zahanati, wa zahanati hadi hospitali ya wilaya, wa ghala la chakula hadi kijiji cha mwisho. Kama tunataka kujua Mafia iko mbali kiasi gani kweli, siku hiyo ndiyo ya kupimia, na kilichopimwa siku hiyo ni barabara.

Kipimo ninachokiomba si kigumu. Wahandisi wa barabara, watu wa TEMESA, mamlaka ya viwanja vya ndege na idara ya afya ya wilaya wakae meza moja na saa moja ya mkononi. Waianzishe kwenye mlango wa zahanati ya Bweni, mara moja kiangazi na mara moja katikati ya masika, mara moja mchana na mara moja usiku. Waandike dakika za kufika Kilindoni, dakika za kusubiri kiwanjani au gatini, dakika za kuvuka, na dakika za kutoka Kipawa hadi Upanga. Waiandike namba hiyo pembeni ya ile nusu saa, kwenye ukurasa uleule wa bajeti. Na saa hiyo wasiisimamishe magurudumu yanapogusa lami ya Dar. Waisimamishe mgonjwa anaposhushwa kwenye machela pale Muhimbili.